Kauboi Aliyebanduka

Kwanza niseme: mimi si mwizi. Nimeitwa mbishi, nimeitwa mkali, nimeitwa mwenye mdomo, na yote nakubali. Mdomo ninao na sikuuazima kwa mtu. Lakini kuchukua cha mtu bila ruhusa, hapana, sikulelewa hivyo. Haya ninayoyaeleza yalinipata nikiwa naomba ruhusa, tena kwa adabu zote, kitu kimoja kimoja, nimepiga magoti kwenye zulia la watu.

Miaka hiyo, mwanzoni mwa elfu mbili, nilikuwa nakaa Marekani, Oxon Hill, kando ya Washington, chumba na sebule, na sebule yenyewe haikuwa ya kukaribisha mgeni. Ilikuwa karakana. Nilikuwa natengeneza picha za kubandika. Unachukua ubao, unabandika karatasi za magazeti ya zamani, vipande vya gunia na ngozi, misumari yenye kutu, waya wa seng'enge. Unapaka rangi, unakwangua, unamwagia chai ya rangi mpaka karatasi ya jana ionekane ina umri wa babu yako. Zulia lilikuwa gundi tupu. Ukivua viatu, soksi zinabaki pale pale.

Na picha zangu zote zilikuwa za makauboi. Farasi, ng'ombe, majabali mekundu, na mahali fulani mbali mwanamume mmoja mdogo mwenye kofia ya pama, amesimama.

"Wewe na makauboi wapi na wapi?" Watanzania wenzangu waliniuliza kanisani. "Si utengeneze twiga, watu wanunue?"

Twiga! Nilikuwa nawajibu kwamba twiga simjui, sijawahi kukaa naye. Mimi nimekulia Kongwa, kwenye ranchi, baba yangu alikuwa mchunga ng'ombe wa kuajiriwa, na ng'ombe akipigwa chapa ya moto nilimwona kabla sijajua kuandika jina langu. Mara moja moja lilikuja gari la sinema. Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, tukakaa chini kwenye vumbi, tukawaona makauboi. Yule mkubwa wa filamu tulimwita steringi, na kanuni aliijua hata mtoto anayenyonya: steringi hafi. Apigwe risasi, atumbukie korongoni, farasi arudi peke yake, wewe tulia tu, atarudi. Baba aliziangalia zile filamu kwa jicho la kazi. "Wale ng'ombe hawajanywa maji," alikuwa anasema, na anakasirika kweli kweli. Basi makauboi ni watu wa kwetu, wasitake kunichosha.

Kazi iliyonilisha ilikuwa kumtunza bibi mmoja Mmarekani kule Bowie, kwenye nyumba yenye nyasi mbele na gereji, mtaa ambao huoni mtu anatembea kwa miguu hata siku moja. Alikuwa amepita miaka themanini. Alizaliwa huko Magharibi ya mbali, kwenye ranchi ya baba yake, akaja huku alipoolewa na mtumishi wa serikali. Mume alikuwa amefariki zamani. Aliishi na binti yake, mama wa makamo asiye na mume, naye alikuwa mtu wa ofisi ya serikali, saa kumi na mbili asubuhi yuko barabarani.

Bibi alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yote yaliondoka isipokuwa matatu. Alibakiwa na "yes," alibakiwa na "no," na alibakiwa na jina moja la mwanamume. Jina hilo silitaji. Kuna majina si ya kuitwaitwa ovyo.

Nilimpenda yule bibi. Kila asubuhi nikiingia nilimwamkia "Shikamoo, Bibi," naye anajibu "yes," na mimi naridhika. Saa kumi alasiri alikuwa na shughuli yake. Alifungua albamu ya picha kwa mkono wa kushoto, daima ukurasa ule ule, akaweka kidole juu ya picha ya kijana juu ya farasi, akasema lile jina polepole, akafunga. Ndipo anakula. Nilidhani ni marehemu mumewe enzi za ujana. Sikuuliza. Mimi nina tabia hiyo, jambo nisilolijua najifanya nalijua.

Siku moja binti yake, akiwa mlangoni na funguo za gari mdomoni, akaniambia besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, imejaa maboksi ya mama kutoka ranchi. "Wewe si unapenda vitu vya zamani? Chukua chochote mama atakachokubali."

Jamani! Mtu kama mimi unamwambia hivyo? Nilipandisha maboksi yale moja moja mpaka kiuno kikalia. Nikampangia Bibi vitu mbele ya kiti chake, nikapiga magoti, nikaanza kuuliza. Niliuliza kwa Kiingereza, lakini kwa adabu ya kwetu. Kwetu humwendei mtu mzima na "unaitaka hii?" kama askari anayepekua mzigo. Unapitia pembeni, unakanusha, ili akikupa iwe ni yeye aliyetaka. Nikainua aproni ya madrafti iliyopauka.

"Bibi, hii huihitaji tena?"

"Yes," akasema.

Ndiyo, haihitaji. Nikaiweka upande wangu, nikashukuru. Nikainua rundo la kalenda za dukani zenye picha za matrekta, zile ndizo nilizokuwa nazitamani kufa. "Na hizi huzihitaji?" Akasema "no." Hapana, anazihitaji. Iliniuma, lakini nikazirudisha kwenye boksi, nikazipanga vizuri kabisa. Tukaenda hivyo mchana kutwa. Gunia la unga lenye maandishi yaliyofifia, "yes." Chuma cha kisigino, kile cha kumchomea farasi aongeze mwendo, "yes." Barua moja ya wino wa kahawia, "yes." Magazeti, katalogi, risiti za mbegu, vyote "no." Nikajisemea huyu bibi naye ana mambo, anang'ang'ania takataka.

Mwisho nikachukua albamu, nikafungua ukurasa wa yule kijana. Hapo niliogopa kidogo. "Na hii, Bibi? Huihitaji tena?"

"Yes," akasema. "Yes. Yes."

Akaninyooshea mkono wake wa kushoto. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Nilijua ananibariki, anauaga ujana wake. Nikaupokea ule mkono, nikauinamia, nikauweka juu ya kichwa changu. Nikasema asante, Bibi, Mungu akuzidishie.

Picha nzima niliona ni uroho. Farasi nilitaka kumtengeneza mwenyewe kwa ngozi. Nikaenda jikoni, nikatoa wembe wangu, nikakata uso tu na ukingo wa kofia, kitu kidogo kama sarafu, nikairudisha albamu mahali pake. Nilijiona mtu mwema sana.

Saa kumi ikafika, akafungua ukurasa. Akaliangalia lile tundu kwa muda mrefu. Farasi yupo, mabega yapo, mikono imeshika hatamu, uso hakuna. Hakulia. Aligeuza shingo taratibu akaangalia mlango wa mbele, akalitaja lile jina, na safari hii hakulitaja kama mtu anayekumbuka. Alilitaja kama mtu aliyesikia geti. Chakula alikula nusu.

Ule ubao niliutengeneza kwa wiki mbili na ulikuwa mkubwa kuliko yote niliyowahi kushika. Ardhi nilitumia gunia, anga nilitumia aproni ya madrafti, barua niliichanachana ikawa theluji, maana nilitaka kauboi wa kwenye baridi. Chuma cha kisigino nikakigongomea chini. Na mbali, katikati ya weupe, kauboi wa ngozi, na juu yake ule uso. Kibao cha jina niliandika kwa Kiswahili: Steringi Hafi. Niliupenda ubao huo. Nasema kweli, sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Tatizo lilikuwa uso. Haukushika. Gundi ile ile iliyoshika chuma haikushika karatasi ya ukubwa wa sarafu. Nilikuwa naubandika, naukandamizia vitabu, Biblia juu yake, na asubuhi naukuta umenyanyuka. Haukunyanyuka pembeni, kama karatasi inavyokunjamana ikishika unyevu. Ulianzia kwenye paji, ukaja mbele, kama mtu anayeinua kichwa kutoka kwenye mto. Nikabadilisha gundi. Nikaupiga pasi. Nilianza kuukuta umetazama upande wa mlango wangu, na sebuleni kulikuwa na harufu ya farasi aliyelowa. Mimi wanyama nawajua. Ngozi niliyotumia ilikuwa ya mkoba mkuukuu, haikuwahi kukutana na farasi.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, nesi Mkenya wa kutoka bara huko Murang'a, alikuwa anapanda kunywa chai akitoka kazini. Siku alipouona ule ubao hakukaa.

"Huyu jamaa ananiangalia aje?" akasema. "Nimeenda huku, nimekuja huku, bado ananiona. Aki mimi siwezi lala na hii kitu kwa nyumba."

"Usilale nayo. Nani kakuomba?"

"Dada, siyo kukutisha. Lakini huyo ni mtu wa wenyewe."

Nilimcheka. Nilikuwa na haraka, maana mwanamama mmoja mwenye ukumbi mdogo wa maonyesho kule Shaw, Washington mjini, alikuwa ameziona picha zangu kwenye siku ya Watanzania, zimetundikwa kati ya khanga na meza ya sambusa, naye akataka mbao sita. Akasema zikipendwa, majira ya kuchipua atanipa ukumbi mzima, mimi peke yangu. Mtu aliyekuwa anawavalisha wazee nepi wiki nzima, akaambiwa hivyo! Nilikaa kwenye treni ya mstari wa kijani nikicheka peke yangu mpaka mtu akahama kiti.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi alasiri. Ukumbi ulikuwa chini ya moja ya nyumba za matofali zilizoshikana, kuta nyeupe, baridi kama friji. Steringi Hafi waliitundika mkabala na mlango. Watu walikuja na vikombe vyao vidogo vya mvinyo wakaniuliza kama hii inahusu Afrika. Nikawaambia inahusu ng'ombe. Wakanitazama kwa huruma.

Kisha akaja mzee mmoja mwenye fimbo na tai ya kamba shingoni. Alisimama mbele ya ule ubao, akavua kofia. Akasimama hivyo mpaka nikaenda kumuuliza kama anataka kiti.

"Nimekulia huko," akasema, akionyesha theluji kwa kidole. "Kila kitu hapa kimo ndani ya picha. Huyu mmoja tu ndiye anatoka."

Nikasogea. Uso ulikuwa umeachia paji, umeachia mashavu, umebaki umeshikwa na kidevu tu. Nikaukandamiza kwa dole gumba mbele ya watu, nikicheka cheka kama mwendawazimu, na chini ya dole nikausikia unasukuma.

Jumatatu nikaenda Bowie. Mezani nilikuta sahani mbili. Nikadhani binti yake ana mgeni. Kumbe Bibi ndiye aliyeziweka, kwa ule mkono mmoja, kutoka rafu iliyo jirani na kiti chake, na kiti cha pili kimevutwa nyuma kikisubiri mtu akikalie. Nikampakulia. Akasukuma sahani yake mbele, akakunja mkono, akaangalia mlango.

"Bibi, kula basi."

"No."

Nikarudisha kiti cha pili chini ya meza, nikaenda kuchukua dawa kabatini. Niliporudi kilikuwa kimevutwa tena. Bibi alikuwa upande ule mwingine, na yeye bila kushikwa hasimami. Nikasema Mungu wangu, nimechoka, nimesahau. Nikakirudisha tena, nikampa mgongo kidogo tu nimimine maji. Nikageuka. Sikukirudisha mara ya tatu.

Siku ya pili, wakati wa mchana, jua linawaka, nikasikia mtu anafuta viatu kwenye zulia la nje ya mlango. Kru, kru. Halafu kimya. Bibi uso ukamng'aa kama msichana. Nikafungua: barabara tupu, nyasi tupu, zulia limesogea upande. Tangu hapo sikuwa nakaa nimeupa mgongo ule mlango.

Siku tano Bibi hakula. Maji alikunywa, chakula hakugusa, na kila nikimwekea kijiko mdomoni alinitazama kama mtu mwenye mgeni njiani anavyomtazama mtoto asiye na subira. Daktari akaja akaondoka. Ijumaa binti yake akaniita jikoni, macho mekundu.

"Akifika Jumatatu hajala, nampeleka kwenye nyumba ya wazee," akasema. "Watamlisha kwa mpira. Nilimwahidi atafia humu ndani. Sina njia nyingine."

Akaanza kulia, nami nikamshika bega. Ndipo akanieleza. Yule wa kwenye albamu hakuwa mume. Alikuwa kaka yake Bibi. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipotoka kutafuta ng'ombe kwenye theluji. Farasi alirudi, yeye hakurudi, na hawakupata hata kitufe. Bibi alikuwa mtoto wa miaka saba. Mama yao alimwambia kila siku amwekee kaka sahani, asije akafika ana njaa, na wao wasianze bila yeye. Walifanya hivyo majira mazima ya baridi, mpaka baba akakataza.

"Ana picha yake moja tu duniani," binti akasema. "Anamsalimia kila siku. Aproni ya mama yao anayo, barua ya kaka anayo, viko chini huko. Ndivyo vitu vyake. Hajawahi kumruhusu mtu kuvigusa."

Mdomo wangu huu, ulioniponza mara ngapi, ukakauka. Nilitaka kusema kwamba Bibi aliniruhusu mwenyewe. Alisema ndiyo! Nikaondoka kama mbwa aliyeiba nyama.

Jioni hiyo jirani yangu alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Ngoja kwanza. Ulimuuliza aje? Sema vile ulisema."

"Nilimuuliza, 'hii huihitaji?' Akasema 'yes.'"

"Wewe! Uliuliza na 'hu'?" Akashika kichwa. "Na umekaa hii Amerika miaka ngapi? Mzungu ukimuuliza 'huhitaji,' akikuambia 'yes,' anasema anahitaji! Hiyo 'yes' yao haijibu swali, inajibu kitu yenyewe. Mimi nilijulia kwa ndege. Dada ananiuliza, 'hutaki kuku?' Nasema 'yes,' mimi nikimaanisha ndiyo, sitaki. Si nililetewa kuku, na kuku sikuli!"

Siku nyingine tungecheka mpaka tuanguke. Kwetu ukiulizwa "hujala?" na hujala, unajibu "ndiyo, sijala," na hakuna anayeumia. Nikarudi akilini pale kwenye zulia, kitu kimoja kimoja. Yes, yes, yes. Kila alichosema nahitaji, nilichukua. Kila alichosema sina haja nacho, nilimpangia vizuri nikamrudishia. Nilimwachia risiti za mbegu na matrekta. Na mkono aliounyoosha, hakuwa ananibariki. Alikuwa anaomba kitu chake. Mimi nikauweka kichwani nikashukuru.

Nililia pale kwenye ngazi kwa sauti, watu wanapita. Jirani yangu hakuniambia ninyamaze. Alisema tu, "Kesho uende umtoe."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikaingia ukumbini Shaw na wembe, sufuria ya maji ya uvuguvugu na kitambaa. Kulikuwa na watazamaji kama kumi. Mwenye ukumbi alikuja mbio, miwani imemshuka puani.

"Unafanya nini? Hakuna kinachoondoka kabla ya kufunga maonyesho! Tulikubaliana."

"Namrudisha mtu kwao," nikamwambia.

Wembe haukuhitajika. Niliweka kiganja chini ya ule uso, hata sijaugusa, ukaachia. Ukaanguka kiganjani. Ukumbi ule ulikuwa baridi wa kutisha, lakini ile karatasi ilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu. Nikaendelea. Nikabandua aproni kwa maji, nikang'oa chuma, nikakusanya theluji ya barua kipande kwa kipande. Mwenye ukumbi alikuwa ananipigia kelele kwamba ninaharibu kazi nzuri kuliko zote alizowahi kutundika. Alisema kweli na inaniuma mpaka leo. Alisema pia kwamba majira ya kuchipua nisahau. Nikasahau.

Jumapili alasiri nikaenda Bowie ingawa si zamu yangu. Binti yake alinifungulia. Nyuma yake niliona sanduku la nguo limefungwa tayari, na juu yake sweta la Bibi. Sikungoja kukaribishwa. Nikamweleza pale pale mlangoni, kuhusu "yes" na wembe na kila kitu, nikamwonyesha bahasha yenye ule uso na mfuko wa vitu vingine. Nilitegemea atanipiga. Alinitazama, kisha akasema, "Mrudishie," akanipita, akaenda kukaa kwenye gari lake mbele ya nyumba na kufunga kioo. Hakuweza kuwa chumba kimoja na mimi.

Bibi alikuwa mezani. Alikuwa amekonda hata pete imehamia kidole cha kati. Sahani mbili, kiti cha pili kimevutwa. Nilikuwa nimempikia viazi vya kuponda na kuku siku ya Ijumaa. Nikavipasha, nikapakua sahani zote mbili, maana sikuwa tena na ubishi wa kubishana na kile kiti. Kisha nikapiga magoti. Nikafungua albamu, nikatoa uso kwenye bahasha, nikauweka kwenye tundu lake. Uliingia sawasawa. Kijana akawa mzima juu ya farasi wake.

"Huyu hapa, Bibi. Nisamehe. Amerudi."

Bibi akainama akaangalia. Sijawahi kusikia sauti kama ile kwa mtu mzima. "No," akasema. "No, no, no," na kwa ule mkono mmoja akaanza kuikwangua picha kwa kucha, anajaribu kumtoa, na machozi yanadondoka kwenye viazi.

Ndipo nikaelewa, Mungu anisamehe. Kwake yeye, kaka alikuwa ametoka. Miaka zaidi ya sabini amekaa juu ya yule farasi, siku moja Bibi anafungua ukurasa, kaka hayupo, ameshashuka, yuko njiani anakuja. Ndiyo maana sahani. Ndiyo maana alikuwa hali, aliambiwa wasianze bila yeye. Na mimi, na kiherehere changu cha kutubu, nimemchukua mtu aliyefika mpaka kwenye zulia la mlango, nikamrudisha kwenye theluji.

Nikamtoa. Sikujua ninafanya nini ila nilijua haingiwi nyumbani kwa kutokea kwenye albamu. Mtu aliyekuwa safarini anaingia kwa mlango. Nikaufungia ule uso kiganjani, nikatoka nje mbio, nikafunga mlango nyuma yangu, ili nigonge, nimwingize kama watu wanavyoingia. Jua lilikuwa kali. Kwenye gari binti yake aliinua kichwa. Nikafuta viatu kwenye zulia, nikainua mkono.

Kabla sijagonga, ndani kiti kikaburuzwa sakafuni. Hakikuburuzwa kama kinavutwa. Kiliburuzwa kama mtu ameshakaa na sasa anasogea karibu na meza. Halafu Bibi akacheka, kicheko kifupi cha mtoto, na baada yake nikasikia uma kwenye sahani. Nikasikia na uma wa pili.

Mkono wangu ulibaki hewani. Nikafungua kiganja: uso upo, mdogo kama sarafu, umenilalia mkononi, na ulikuwa wa baridi.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Kutoka pale binti yake aliliona dirisha la chumba cha kulia vizuri kuliko mimi. Akaja mpaka nusu ya nyasi, akasimama, mkono mdomoni.

"Mama anakula," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nani yule amekaa naye?"

"Mjomba wako," nikamwambia. "Usiingie. Waache wale kwanza."